Kutokufa kwa Joka la Kidahwe

Jumatatu, tarehe mosi Julai, nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya studio moja mjini Kigoma, nikivunja vipande vya muwa mbele ya maikrofoni. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha uandishi wa habari kwenye bahasha ya kaki, nimevaa sketi niliyoipiga pasi usiku na kuirudia asubuhi, na matarajio yangu yalikuwa kusoma taarifa ya habari. Mkuu wa Vipindi aliitazama bahasha bila kuifungua, akanikabidhi muwa.

"Vunja taratibu, Skola," aliniambia kutoka upande wa pili wa kioo. "Huo ni mfupa wa paja. Wewe unavunja kama mtu mwenye njaa."

"Samahani, Mkuu. Mfupa wa nani?"

"Wa shujaa."

"Amefanya kosa gani?"

"Amepata moja kwenye dadu."

Sikuelewa, lakini nilivunja. Nawaandikia ninyi vijana ambao leo mnatengeneza michezo ya sauti kwa simu na kompyuta ya mapajani, ili mjue jinsi kazi hii ilivyofanyika kwetu, na hasa mjue jinsi Joka alivyotakiwa kufa na ni kwa nini hadi leo yu hai. Wengi mmeisikia habari hiyo ikisimuliwa kwa chumvi nyingi. Mimi nilikuwemo studioni.

Kipindi kiliitwa *Mashujaa wa Ngazi ya Kwanza*. Mkuu wa Vipindi alikibuni baada ya kukutana, akiwa masomoni, na ile michezo ya mezani ambamo watu hujifanya mashujaa: mmoja husimulia safari, wengine huamua watakalofanya, na dadu huamua kama watafaulu. Anayefaulu mara nyingi hupanda ngazi, yaani huongezewa nguvu na silaha. Mkuu alisema hajawahi kuona jambo la kuchekesha kama watu wazima, wengine wana wake na watoto, wakigombana hadi alfajiri kuhusu panga ambazo hazipo. Akaona afadhali ugomvi huo urushwe hewani kila Jumamosi jioni, na uhamishiwe kwetu.

Basi mashujaa wetu walikuwa watatu. Wa kwanza ni Baruti, mpiganaji hodari aliyeogopa mabata. Wa pili ni Fundi wa Mazingaombwe, ambaye uganga wake ulifanya kazi vizuri kabisa, ila siku iliyofuata. Wa tatu ni Mwizi Mstaarabu, aliyejua kufungua kila kufuli lakini hakuweza kuingia kwenye nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Kila juma waliondoka Ujiji kwenda kutafuta hazina katika pango la Joka lililo nyuma ya milima ya Kidahwe, na kila juma walirudi mikono mitupu, wakiwa bado ngazi ya kwanza.

Sababu ya kutopanda ngazi ilikuwa dadu yenyewe. Dadu za dukani zilikuwa ndogo mno. Zikianguka, maikrofoni ilisikia kama mtu aliyedondosha kifungo. Mkuu aliagiza dadu ya mbao kwa fundi wa mitumbwi wa Ujiji, naye akachonga dadu yenye ukubwa wa ngumi kutokana na kipande cha mbao kilichobaki kwenye ubavu wa boti. Ilikuwa dadu nzuri. Ikitupwa kwenye sinia la bati ilitoa mlio uliowafanya wasikilizaji waache kutafuna. Lakini upande mmoja mbao ilikuwa nzito kuliko mwingine, na kwa sababu hiyo, ukiitupa utakavyo, ilipenda sana kuangukia moja. Kila mtu kituoni alilijua hilo. Hata wasikilizaji walilijua. Mkuu alikataa kuibadilisha.

"Dadu ya haki inapatikana kila mahali," alisema. "Hii ni ya kwetu."

Aliweka sheria moja tu, na aliisimamia kama msahafu: dadu hutupwa kweli, mbele ya maikrofoni, na kilichotoka ndicho kilichotoka. Hakuna kutupa mara mbili kwa jambo moja. Mswada uliandikwa kwa matawi, kurasa za "ikiwa amefaulu" na kurasa za "ikiwa ameshindwa", na kwa miaka yote ile kurasa za kufaulu zilibaki safi kama zilivyotoka kwenye mashine.

Kazi yangu ya kwanza iliitwa utengenezaji wa sauti. Leo mnabonyeza kitufe na mbawa zinapiga. Sisi mbawa zilikuwa mwavuli mbovu uliofunguliwa na kufungwa kwa haraka. Moto ulikuwa mfuko mtupu wa sukari uliofikichwa karibu na maikrofoni. Mapanga yalikuwa mwiko wa chuma na kifuniko cha sufuria, na upanga ukichomwa mwilini tulitumia papai bichi na kisu, kisha wafanyakazi walikwenda kulipika. Nilijifunza kwamba mvua ya kweli, ukiirekodi, haifanani na mvua; kinachofanana na mvua ni dagaa wakavu wakimwagwa polepole kwenye ungo. Nyumbani mama yangu aliniuliza mbona msomi wake ananuka dagaa kila jioni. Nilimwambia, "Mama, leo mvua ilikuwa kubwa."

Miezi ile ya mwanzo Joka aliigizwa na Mkuu mwenyewe. Alikuwa akinguruma. Mashujaa walifika mlangoni pa pango, wakasema shikamoo kama walivyofundishwa na wazazi wao, Joka akanguruma, dadu ikaangukia moja, muwa ukavunjika, wimbo wa kufunga ukaingia. Tuliona kipindi kimekamilika.

Ndipo siku moja akaja mapokezi mama mmoja kutoka Ujiji, muuzaji wa vitenge, mrefu, kanga yake imefungwa kwa namna ya mtu ambaye hana haraka lakini ana jambo. Aliitwa Bi. Mwajuma. Alidai kumwona mwenye Joka.

"Ni mimi, mama," alisema Mkuu. "Karibu."

"Wewe ndiye unayesalimiwa na kunguruma?"

"Mama, Joka ni mnyama."

"Mnyama gani ana nyumba, ana mali, ana jina, na watu wanatoka Ujiji kumfuata? Huyo ni mwenye nyumba. Watoto wangu wananisikiliza nikiwaambia itikieni salamu, kisha wanasikiliza redio, Joka kaamkiwa shikamoo na watu watatu, kanguruma! Mjukuu wangu jana nimemwita, kaninguruma."

Mkuu alijaribu kutocheka na hakuweza. "Sasa, mama, wewe ungetaka Joka aseme nini?"

Bi. Mwajuma alivuta pumzi. Sauti iliyotoka sijui ilikuwa imehifadhiwa wapi muda wote alipokuwa akilalamika. Ilikuwa nzito, ya chini, kama meli inayoita bandarini. Alisema: "Marahaba, wanangu. Mmefikaje? Njiani salama? Mmekula? Basi kaeni kwanza, kuliwa kupo tu."

Mhasibu alitoka ofisini kwake kuja kuangalia. Mkuu alinigeukia akasema, "Skola, lete pipa."

Pipa ndilo lililokuwa pango letu. Sauti ya pangoni inahitaji mwangwi, yaani sauti irudi kidogo baada ya kutoka, na sisi mwangwi tuliupata kwa kulaza pipa la maji la plastiki juu ya meza na mwigizaji kuingiza kichwa na mabega ndani yake, maikrofoni ikiwa kwenye kitako. Bi. Mwajuma alilikagua pipa, akauliza lilikuwa limebeba nini kabla, akaagiza lioshwe kwa sabuni, akatandika upande wa kanga, akaingia. Tangu Jumamosi ile hakuna mwingine aliyekuwa Joka.

Na tangu siku ile kipindi kilibadilika. Salamu zikawa ndizo kipindi. Joka hakuruhusu mtu kuchomoa silaha kabla ya kumjulia hali na yeye kujuliwa. Alimwuliza Baruti kuhusu goti la mama yake. Alimwuliza Fundi kama ule uganga wa juzi umekwisha kufanya kazi. Wenyeji wa mashambani walipiga simu kuuliza mbona Joka wa Kidahwe hajui Kiha; Jumamosi iliyofuata akaitikia "Mwidiwe!", ambayo ndiyo salamu yetu ya mchana na jioni, kwa makofi ya taratibu yanayoisindikiza, na nasikia watu wa Kidahwe walipiga makofi pamoja naye majumbani. Mara nyingi muda ulikwisha kabla ya vita kuanza. Mashujaa waliaga, wakafungashiwa mihogo ya njiani, wakarudi.

Mkuu wa Vipindi wa kwanza alistaafu, tukampa saa ya ukutani na papai la kipindi chake cha mwisho. Aliyefuata kutusimamia, Meneja wa Kituo, alikuwa mtu mpole aliyeamini kwamba kila mfanyakazi ni lazima ahamishwe ili asiote mizizi. Alinipeleka ofisi yetu ya Kasulu kukusanya habari, mwaka mmoja na zaidi, ambako nilisoma taarifa ya habari kama nilivyoota tangu chuoni, na nikagundua kwamba sikuipenda. Jumamosi nilikaa kando ya redio nikimsikiliza mtu mwingine akivunja muwa wangu vibaya. Niliomba kurudi. Meneja aliniuliza, "Dada Skola, unaacha habari urudi kwenye mapipa?" Nikamjibu ndiyo. Alinirudisha, akanipa nafasi ya Msimulizi, yule anayeeleza safari na kutamka hukumu ya dadu. Kiti hicho nilikikalia hadi mwisho. Hao wote wawili walikuwa wakubwa wazuri, kila mmoja kwa ugonjwa wake.

Kisha kituo kikapata wamiliki wapya, na wamiliki wakatuletea Mratibu wa Maudhui kutoka makao makuu. Alikuwa kijana nadhifu, mchapakazi, na ninataka ieleweke kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na haraka. Aliingia ofisini akianza na kitenzi: "Leteni," "Fupisheni," "Futeni." Alisikiliza vipindi vyetu vya nyuma kwa siku kadhaa, kisha akaniita.

"Mama Skola, nimesikiliza. Kipindi kina dakika thelathini. Salamu zinakula ishirini na mbili."

"Ndiyo, Mratibu."

"Na hawa mashujaa, hawajawahi kupanda hata ngazi moja."

"Hawajawahi."

"Hadithi lazima ifike mahali. Jumamosi ijayo tutamaliza. Moja kwa moja hewani, tutatangaza wiki nzima. Wanaingia pangoni, hakuna salamu, wanapigana, Joka anakufa, wanapanda ngazi ya pili. Juma linalofuata nafasi hiyo inachukuliwa na kipindi kutoka makao makuu."

"Na dadu?"

Alitoa simu yake mfukoni. Ndani yake kulikuwa na dadu iliyochorwa, ukigusa inazunguka. "Tutatumia hii. Ile ya mbao ina kasoro."

Sikuweza kubishana na hilo. Nilichomwomba ni niende mwenyewe Ujiji kumwarifu Bi. Mwajuma, na alikubali.

Nilimkuta kibarazani pa duka lake, akikunja vitenge. Miaka ilikuwa imepita. Mumewe alikuwa amefariki, wanawe walikuwa wamehamia mbali, na macho yalikuwa yamepungua nguvu, lakini sauti ilikuwa ile ile. Wapita njia hawakumwita kwa jina. "Shikamoo, Bi. Joka!" walisema watoto wa shule, naye akawaitikia kwa sauti ya pipani, wakakimbia wakicheka, kisha wakarudi kusalimia tena. Wauza samaki walimchagulia migebuka mizuri na kumwambia, "Usituunguze, Bi. Joka." Nilimweleza agizo zima. Hakukasirika. Alimaliza kukunja kitenge alichokuwa nacho, akakiweka juu ya vingine.

"Jumamosi hii?"

"Jumamosi hii, Bi."

"Nikishakufa, Skola, wale watoto watamwamkia nani?"

Nilimsaidia kukunja vitenge hadi adhuhuri.

Jumamosi studio ilijaa. Baruti aliigizwa na Elia, msomaji wetu wa habari za michezo, mrefu na mwoga kiasi cha kumfaa, na siku hiyo alikuwa akitoka jasho kama mtu anayekwenda kuposa. Bi. Mwajuma alifika amevaa gauni la sikukuu. Alisalimia kila mtu, akaingia pipani. Mratibu alisimama nyuma ya kioo pamoja na fundi mitambo. Kwa ishara, kwetu studioni, mkono unaopita shingoni humaanisha kata, maliza, muda umekwisha. Liwekeni hilo akilini, pamoja na jambo hili dogo: mtu aliyeingiza kichwa pipani haoni kioo.

Wimbo wa kufungulia ukapanda, ukafifia. Nilisimulia safari kwa ufupi nilioamriwa. Mashujaa walifika pangoni na, kwa mara ya kwanza tangu kipindi kianze, hawakusema hodi. Elia alipiga kelele ya vita. Mratibu alionyesha simu kupitia kioo: sita. Nilitamka hukumu kama ilivyonipasa. "Dadu imesema sita. Upanga wa Baruti unapenya kifuani mwa Joka." Kijana wa sauti, aliyerithi kazi yangu ya chini ya meza, alichoma papai. Lilikuwa papai zuri, lilitoa mlio mbaya sana.

Hapo, kwa mujibu wa mswada, Joka alipaswa kutoa mlio mmoja mrefu na kufa.

Pipa lilikaa kimya. Kimya hewani ndicho kitu ambacho mtu wa redio hukiogopa kuliko moto; msikilizaji hudhani kituo kimezimika. Elia alinitazama. Nilitazama pipa. Ndipo sauti ikatoka, ya chini, bila hasira hata kidogo.

"Nani huyo?"

Elia alikosa mstari, kwa kuwa haukuwepo. "Ni... ni mimi. Baruti. Shujaa wa ngazi ya kwanza."

"Baruti mwana wa mama mwenye goti?"

"Ndiyo."

"Umeingia sasa hivi?"

"Ndiyo, Joka."

"Mbona sikusikia hodi?"

Elia alimtazama Mratibu kupitia kioo. Mratibu alipitisha mkono shingoni. Elia akanitazama mimi. Mimi nilitazama mswada, kana kwamba ungenisaidia.

"Tulikuwa na haraka," alisema Elia kwa unyonge.

"Ahaa. Naona nimechomwa. Si neno, hayo ni ya kazini. Ila mwanangu, siwezi kufa mbele ya mtu ambaye hajanisalimia. Nikifika huko, nikiulizwa nani amekuleta, nitasema nani? Mtu aliyeingia tu?"

"Basi... shikamoo, Joka."

"Chomoa kwanza upanga. Huwezi kumwamkia mtu na chuma chako kiko kifuani mwake."

Kijana wa sauti alichomoa kisu kwenye papai. Nilisikia, nyuma ya kioo, fundi mitambo akicheka hadi akakaa chini.

"Shikamoo, Joka."

"Marahaba, mwanangu. Goti la mama?"

"Linaendelea vizuri. Siku za baridi ndio linasumbua."

"Mwambie achue kwa mafuta ya mawese ya moto, asiyachemshe. Mwidiwe!" Makofi yakasikika pipani, taratibu, nasi sote studioni tukajikuta tunayarudisha. "Na huyo Fundi amesimama nyuma yako kama mkopeshaji, hajui kusalimia?"

Fundi wa Mazingaombwe alisalimia. Mwizi Mstaarabu alitubu kwa sauti kuu, akasema hawezi kuendelea na aibu hiyo, akatoka nje ya pango ili apige hodi upya. Alipiga hodi. Joka akasema karibu. Akauliza habari za nyumbani kwa Mwizi, ambako, kumbe, kulikuwa na mtoto mchanga, na ikabidi jina la mtoto lielezwe limetoka kwa nani. Mratibu alipitisha mkono shingoni mara nyingi sana hata nikaogopa atajiumiza. Sote tulimwona. Asiyemwona alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa akizungumza.

Muda ulipokaribia kwisha, Joka akakohoa. "Sasa tumesalimiana. Msimulizi, huko uliko, dadu inasemaje? Nimekufa?"

Swali hilo lilikuwa langu, na lilikuwa la sheria. Dadu ilikuwa imesema upanga unapenya, na upanga ulikuwa umepenya. Hilo lilikuwa limekwisha na halingetupiwa tena. Kama jeraha lingemuua Joka au la, hilo lilikuwa jambo la pili, na dadu haikuwa imeulizwa. Mratibu alikuwa ameinua simu yake tayari. Lakini maikrofoni haisikii picha, na mbele yangu palikuwa na sinia la bati. Niliichukua ile dadu ya mbao, nikaitupa. Mlio wake mnaukumbuka wale mliokuwapo. Iliruka, ikazunguka, ikakaa pale ilipopenda kukaa siku zote.

"Moja," nilitamka. "Baruti ameshindwa kuua. Joka anaishi."

"Alhamdulillahi," lilisema pipa. "Basi msiondoke bila kula."

Wimbo wa kufunga ukaingia.

Jumatatu nilimkuta Mratibu ameshafika kituoni kabla yangu, mlango wa ofisi yake ukiwa umezuiwa na wazee wa Ujiji waliokuja na malalamiko. Hawakulalamikia Joka, walimlalamikia Baruti. Walitaka kujua ni nani aliyemfundisha kijana wa watu kuingia nyumba ya mtu namna ile, na walitaka aombe msamaha hewani, na aende kwa Joka na mtu mzima wa kumsindikiza. Elia mwenyewe alikuwa amekwenda sokoni Kasingirima kununua samaki, muuzaji akamwambia, "Wewe huuziwi hapa mpaka umwombe radhi bibi wa watu," akarudi nyumbani na mchicha. Wazee walimsalimia Mratibu kwa kirefu, wakamwuliza kwao ni wapi, baba yake anaitwa nani, mama hajambo. Mara ya kwanza alijibu kwa mkato. Walipofika kwa mama, alisema alikuwa hajampigia simu siku nyingi. Wakamsubiri ampigie. Alimpigia, palepale, wao wakisikiliza.

Kipindi cha msamaha kilirushwa Jumamosi iliyofuata, katika nafasi iliyokuwa imetengewa kipindi cha makao makuu. Na Jumatatu yake Mratibu alifika ofisini kwangu, akasimama mlangoni, akasema, "Hodi, Mama Skola. Shikamoo." Nilimkaribisha. Tulijuliana hali kwa muda wa kutosha kabla hajaniambia lililomleta: makao makuu yalitaka maelezo ya maandishi, kwa nini Joka aliyeagizwa kufa hakufa. Alisema hajui aandike nini. Nikamwambia aniachie mimi.

Nimestaafu sasa, kwa hiari, kabla ya umri wa lazima, na watu huniuliza nimejifunza nini kwa miaka yote ya kuvunja miwa. Nimejifunza kwamba msikilizaji husamehe papai bovu lakini hasamehi haraka. Nimejifunza kuwa mtu anaweza kuishi maisha mazuri kabisa akiwa ngazi ya kwanza, mradi pawe na mahali anapotarajiwa kila Jumamosi. Mikono yangu bado hunuka dagaa siku za mvua, au labda ni kumbukumbu tu. Na nikipita Ujiji asubuhi, nasikia watoto wakienda shule: "Shikamoo, Bi. Joka!" Kisha ile sauti ya meli. Basi najua hali ya mambo.

Barua niliyoituma wiki chache baada ya kipindi kile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuiandika nikiwa mtumishi. Sijapata jibu lake. Hii hapa.

Kwa Mkurugenzi wa Maudhui,
Makao Makuu.

YAH: KUTOKUFA KWA JOKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya kuingia kwenye suala lenyewe, Joka ameniagiza niwasalimu. Anauliza mmeamkaje, na familia zenu hazijambo. Anamwulizia pia yule dada wa mapokezi aliyezungumza naye kwenye simu kwa heshima akiwa mjamzito, kama amejifungua salama, na mtoto amepewa jina gani.

Kuhusu kifo chake, Joka hana pingamizi. Yuko tayari kukijadili wakati wowote na ofisa yeyote mtakayemteua, ilimradi ofisa huyo afike mwenyewe pangoni, apige hodi, akae, aulizwe habari za nyumbani na azijibu bila kutazama saa. Pango liko nyuma ya Kidahwe. Gari lolote la Kasulu litamshusha, na mtu wa kwanza atakayemwuliza atampeleka. Aje na njaa, kwa kuwa Joka haruhusu mgeni kuondoka bila kula.

Kwa utaratibu wa kituo chetu, jambo hili haliwezi kuendelea mbele hadi salamu zilizotangulia ziwe zimeitikiwa. Tunawasubiri. Hatuna haraka.

Naomba kuwasilisha.

Skolastika,
Msimulizi.

Nakala: Joka.